Picha ya maua ya Kichina kwenye hariri aliyoiacha baba: tumeambiwa ni milioni 40. Naomba msaada kabla ya Jumamosi

MwanaMbeya

Habari za jioni wakuu. Uzi huu utakuwa mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limebakiza siku nne.

Marehemu baba yetu alikuwa fundi mitambo kwenye karakana ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa Wachina, hapa Mbeya. Tangu nikiwa mdogo sebuleni kwetu kuna picha ya maua makubwa, matatu mekundu na mawili ya waridi, majani ya kijani kilichoiva, na vipepeo wawili juu kushoto. Imechorwa kwenye kitambaa cha hariri, iko ndani ya fremu nyeusi yenye kioo. Mama anasema baba alipewa na mtaalamu wa Kichina aliyekuwa akifanya naye kazi, siku chache kabla hajarudi kwao. Mwaka hana uhakika nao, ni 1985 au 1986, ila anakumbuka kitinda mimba wetu alikuwa bado ananyonya.

Baba alitangulia mwaka jana. Kwenye kikao cha mirathi kila kitu kilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye hiyo picha. Kaka yetu mkubwa alikuwa ameituma kwa mtu wa mtandaoni anayejiita mthamini wa vitu vya kale. Akajibiwa kwamba ni kazi ya kifalme ya wakati wa dinasti ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa Uchina, thamani yake milioni 40, na mteja yupo tayari. Ila kwanza tulipe laki nne na nusu za "cheti cha uhalisia", na mwisho wa kulipa ni Jumamosi. Kaka ameshaanza kukusanya michango kwa ndugu.

Jirani yetu naye alielekeza programu ya simu ya kutafsiri kwenye maandishi, ikasema ni mwaka 1924. Sasa nimebaki katikati, sijui nimwamini nani.

Vipimo bila fremu: upana sentimita 38, urefu sentimita 64. Kulia juu kuna herufi saba za Kichina zilizosimama, wino mweusi, na chini yake mihuri miwili myekundu. Nyuma kuna ubao mwembamba wa kahawia uliopigiliwa misumari midogo. Nimeweka picha nne hapo chini.

Siombi mtu aniambie ninachotaka kusikia. Naomba ukweli. Nawasilisha.

Fundi Fremu

Dada pole na msiba, na hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa.

Mimi natengeneza fremu Kariakoo mwaka wa ishirini na mbili huu. Kuhusu Uchina sijui kitu, lakini kitambaa nakijua. Naomba yafuatayo uyashike leo hii.

Usiifungue fremu mwenyewe. Nimekuza picha yako ya pili, naona pale chini kushoto hariri imegusa kioo na kuna kivuli chenye unyevu. Hariri ikishikana na kioo, ukivuta inabaki na rangi. Nimewahi kuletewa kazi ambayo nusu ya ua ilibaki kwenye kioo kwa sababu mtu aliing'oa kwa nguvu. Usifute kioo kwa kitambaa chenye maji, maji yanapenya pembeni. Na iondoe hapo ilipo kama jua la asubuhi linaifikia, hata kwa nusu saa.

Mwambie fundi yeyote utakayempelekea asibandike selotepu upande wa nyuma. Selotepu inaacha gundi ya njano ambayo haitoki tena.

Kilimanyika

Choma uzi mmoja wa pembeni. Hariri halisi inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Ya plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukipata kidonge, umemaliza kazi.

Mzee wa Hangzhou

Kilimanyika yuko sahihi kuhusu kipimo, ila ili uupate huo uzi lazima fremu ifunguliwe, na Fundi Fremu ameshaeleza kwa nini isifunguliwe. Tuiache. Kuna njia ya kutazama bila kuchoma.

Niliishi Hangzhou, Uchina, miaka sita, nikasoma uchoraji wa Kichina, na maua ndiyo niliyofundishwa zaidi. Nitaandika kirefu kwa sababu nimeona picha za dada na nimezipenda kweli.

Hayo maua ni peoni. Wachina wanayaita ua la utajiri na heshima, na mji wa Luoyang unajulikana kwa ajili yake mpaka leo. Mtu akikupa peoni anakuombea mali na cheo. Kwa hiyo yule mtaalamu aliyempa mzee wenu alikuwa anamtakia neema. Hilo lisipotee kwenye hesabu za mirathi.

Sasa aina ya kazi. Kuna njia mbili kubwa za kuchora maua kule. Moja ni xieyi: brashi inapita mara moja, wino unasambaa, ua linakamilika kwa mapigo machache, na mara nyingi hufanywa kwenye karatasi kwa sababu karatasi inafyonza. Nyingine ni gongbi: mstari mwembamba kama unywele, halafu rangi tabaka juu ya tabaka, kwa siku au wiki. Picha yenu ni gongbi, na hariri ni makao yake ya asili.

Hariri mbichi hainyweshwi rangi hivi hivi, itasambaa ovyo. Kwanza inapakwa maji ya gundi ya ngozi yaliyochanganywa na shabu, hii hii shabu tunayotulizia maji ya tope. Ikishakauka, rangi inakaa pale ulipoiweka. Mchoraji anashika brashi mbili kwa mkono mmoja. Moja ina rangi, ya pili ina maji matupu. Anaweka rangi kwenye kitako cha petali, anageuza vidole, kisha kwa brashi ya maji anaivuta mpaka inayeyuka kuelekea ncha. Anasubiri ikauke, anapaka shabu nyepesi, anarudia. Wana usemi wao kwamba kazi ni shabu mara tatu na rangi mara tisa. Tazameni ua la katikati kwenye picha ya tatu, jinsi wekundu unavyoingia kwenye weupe bila kuona mpaka uko wapi. Mwalimu wangu alikuwa akinirudisha mwanzo kwa kosa la mpaka mmoja tu kuonekana.

Kwa hiyo inawezekana sana kuwa imechorwa kwa mkono. Nasema inawezekana, kwa sababu kuna picha za mapambo ambazo mistari yake imechapwa na mashine kisha mtu akajazia rangi. Na kuna zilizochapwa kila kitu. Dada, nenda kwa sonara yeyote hapo mjini umwombe akuazime ile lenzi yake ya kukagulia dhahabu, inayokuza mara kumi. Isogeze kwenye kioo uangalie mambo matatu. Kwanza, je, unaona vidoti vidogo vilivyopangwa safu, vya bluu, waridi, njano na nyeusi? Hivyo ni vya mashine. Pili, mstari wa pembeni ya petali unanenepa na kukonda, na mahali fulani unapotea chini ya rangi, au una unene mmoja mwanzo mwisho? Mstari wa mkono ni nadra kuwa na unene mmoja. Tatu, mihuri. Dongo la muhuri wa Kichina linatengenezwa kwa unga wa zingefuri, jiwe jekundu, na mafuta ya nyonyo, linakaa juu ya nyuzi kama uji mzito. Muhuri uliochapwa umelala ndani ya kitambaa pamoja na rangi nyingine.

Maandishi nitayarudia. Nipe kwanza picha ya nyuma ya fremu kwa karibu, naona kuna kipande cha karatasi kimebandikwa pembeni ya ule ubao.

Bahari ya Tanga

Lakini mkuu, si kuna picha za Kichina zinazouzwa mabilioni? Mwaka 2017 kuna ya mchoraji Qi Baishi ilipita dola milioni mia moja huko Beijing. Kwa nini hii ya Mbeya isiwe na bahati yake?

Mzee wa Hangzhou

Ni kweli, Desemba 2017, seti ya mandhari kumi na mbili ya Qi Baishi iliuzwa Beijing kwa yuan milioni 931.5. Ila angalia ni nini kiliuzwa: kazi ya karatasi aliyoichora 1925, jina la mtu anayefahamika dunia nzima, na historia ya kila mikono iliyoipitia. Bei ile ilikuwa ya jina na ya karatasi zinazothibitisha jina. Qi Baishi ni miongoni mwa wachoraji wanaoghushiwa zaidi Uchina, ndiyo maana ushahidi wa jina una uzito kuliko rangi yenyewe. Matapeli wanapenda kutaja mnada ule kwa sababu ni wa kweli.

MwanaMbeya

Wakuu nimetoka mjini. Sonara hakuniazima lenzi, alikuja nayo mwenyewe nyumbani baada ya kazi, Mungu ambariki. Tumekagua pamoja kwa tochi ya simu.

Vidoti hakuna, tumezunguka picha nzima. Mistari ya petali kweli inanenepa na kukonda, na kwenye majani mawili ya chini mstari umefunikwa na kijani mpaka hauonekani. Kwenye mbawa za kipepeo mmoja kuna nywele ndogo ndogo nyeusi ambazo macho matupu hayazioni. Mama alipotazama kwa lenzi alinyamaza muda mrefu. Ameishi nayo miaka hiyo yote na hakuwahi kuziona.

Muhuri wa juu umevimba kidogo na una mng'ao. Wa chini pia.

Kipande cha karatasi nyuma: kimebandikwa kwenye kadibodi ambayo hariri yenyewe imegandishwa, kinachungulia pembeni ya ubao. Kina mstari wa Kichina na chini yake kwa herufi zetu HANGZHOU, CHINA. Kuna na namba ya kalamu ya risasi, 217.

Mzee wa Hangzhou

Dada, kazi nzuri. Sasa tuna kitu cha kusimamia.

Herufi saba zinasomwa kutoka juu kwenda chini. Mbili za kwanza ni jiazi, na hapo ndipo programu ya jirani ilipojikwaa. Wachina wa zamani, na wachoraji mpaka leo, wanahesabu miaka kwa kuunganisha alama kumi na alama kumi na mbili, zinakwenda sambamba mpaka zikutane tena baada ya miaka 60. Jiazi ni wa kwanza kwenye mzunguko. Kwa hiyo jiazi ni 1864, na ni 1924, na ni 1984. Programu ilichukua mmoja na kunyamazia mingine. Na huyo mtu wa cheti, akibanwa, atakimbilia 1864, maana huo kweli uko ndani ya Qing, iliyoanguka 1912.

Herufi ya tatu na ya nne ni mwezi wa majira ya kuchipua. Ya tano na ya sita ni jina la mchoraji. Ya saba ni xie, maana yake "ameandika". Kwao mchoro wa namna hii unaandikwa, kwa sababu brashi ni ile ile ya maandishi.

Sasa ni jiazi ipi? Lebo inasema. Neno Hangzhou limeandikwa kwa pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi hizi zetu uliopitishwa 1958, na Uchina ilianza kuutumia rasmi kwenye machapisho ya lugha za kigeni tangu Januari 1979. Kabla ya hapo bidhaa za kuuzwa nje mara nyingi ziliandikwa kwa tahajia ya zamani, Hangchow. Halafu nimekuza ule mstari wa Kichina: neno "nchi" kwenye jina la Uchina lina mapigo 8 ya kalamu. Herufi ya zamani ina 11. Huo ni mwandiko uliorahisishwa, uliotangazwa na serikali 1956.

Bahari ya Tanga

Hapo naomba kupinga kidogo. Lebo inaweza kuwa ya fremu tu. Picha ya 1924 ikawekwa kwenye fremu ya 1984, si inawezekana?

Mzee wa Hangzhou

Swali zuri, na ndilo ambalo mthamini wa kweli angejiuliza. Lebo ingekuwa kwenye ubao wa nyuma ningekubaliana nawe. Lakini dada amesema iko kwenye kadibodi ambayo hariri imegandishwa, na ina namba ya kazi. Hiyo ni ya kiwandani, imetoka na picha. Ongeza na hali ya hariri: ya miaka mia moja, yenye shabu ndani yake, huwa imekauka na kupasuka mistari mistari, kwa sababu shabu ina asidi inayoila nyuzi taratibu. Kwenye picha zako sioni mpasuko hata mmoja. Na ongeza kumbukumbu ya mama, 1985 au 1986, mtu aliyetoka nayo kwao ikiwa mpya au aliyeletewa kutoka nyumbani. Vitu vinne vinaelekea upande mmoja. Mimi naandika 1984 bila wasiwasi.

Jina la mchoraji nimelitafuta kwenye kamusi za wachoraji nilizonazo, halimo. Herufi mbili za jina zinalingana na muhuri wa juu, hilo ni jema, jina na muhuri vingetofautiana ningekuwa na maswali. Mtu huyu alikuwa mchoraji wa kiwanda cha sanaa za mikono. Naomba neno "kiwanda" lisieleweke vibaya. Hariri inapitisha mwanga, kwa hiyo kielelezo kinawekwa chini yake na mchoraji anakifuatisha. Peoni hizi hizi tano na vipepeo hivi viwili yawezekana vilichorwa mara nyingi, na ile 217 huenda ni namba ya kielelezo. Lakini kila mara alikuwa mtu amekaa kwenye meza, ana brashi mbili mkononi. Zile nywele za kipepeo alizoziona mama hakuna aliyelazimika kuziweka. Mnunuzi wa kawaida asingejua kama hazipo.

Mnadani

Salamu kutoka Marekani. Nafanya kazi kwenye stoo ya nyumba ya mnada, kazi yangu ni kupokea vitu, kuvipiga picha na kuviandikia maelezo. Picha za maua za Kichina kwenye hariri, za miaka ya sabini na themanini, zenye fremu, zinaletwa kila mara. Watu waliotembelea Uchina wakati huo walinunua kwenye maduka ya wageni, sasa wamezeeka na watoto wanafungua nyumba.

Niwe wazi kuhusu bei, kwa sababu neno "thamani" linabeba mambo mengi na matapeli wanajificha humo.

Kuna bei ambayo mnunuzi na muuzaji wasiolazimishwa wangekubaliana. Kwa kazi ya gongbi iliyochorwa kwa mkono, mchoraji asiyejulikana, ukubwa huo, hali nzuri, mimi naona zikiondoka kwa dola 80 mpaka 200. Kwa shilingi ni kama laki mbili mpaka laki tano. Zikiwa na madoa zinashuka mpaka dola 30. Nyumba ya mnada inakata kamisheni yake humo humo.

Kuna bei ya bima, yaani ingekugharimu kiasi gani kununua nyingine kama hiyo dukani leo. Hiyo huwa juu, mara mbili au tatu. Watu wanaonyeshwa karatasi ya bima halafu wanadhani ndiyo bei ya kuuzia.

Na kuna bei anayoomba mtu mtandaoni. Hiyo si bei, ni ombi. Ukiingia kwenye tovuti za kuuza utakuta peoni kama hizi zimeandikwa dola elfu tano, zimekaa hapo miaka mitatu. Chuja uone zilizouzwa tayari, ndizo zinazosema ukweli.

Sasa hilo la cheti. Huku kuna kanuni za wathamini zinazoitwa USPAP. Mthamini haruhusiwi kulipwa kwa asilimia ya thamani anayoitaja, kwa sababu akilipwa hivyo atapandisha. Na akiwa na maslahi na kitu hicho, kwa mfano yeye ndiye mnunuzi au wakala wa mnunuzi, lazima aseme. Huyo wenu anathamini, ana mteja mkononi, na anataka pesa kabla hajaigusa picha, yote matatu. Na dada, linganisha mwenyewe: anataka laki nne na nusu kwa karatasi, wakati picha yote sokoni ni laki mbili mpaka tano. Mkilipa, hata picha ikiuzwa vizuri mtakuwa mmetoka mikono mitupu.

Mwombeni kitu kimoja tu. Mwambieni akate laki nne na nusu zake kwenye hizo milioni 40 mteja akishalipa. Jibu lake mtalielewa.

MwanaMbeya

Mnadani, nimesoma hii nikiwa nimesimama dukani, nikakaa chini.

Nimemtumia kaka uzi wote. Hajajibu. Naomba niseme ukweli wa moyo wangu: nilivyosikia 1984 na laki tano nilisikitika kidogo, maana ada za watoto wa marehemu dada yetu zilikuwa zimeshapangwa kwenye kichwa changu kutoka kwenye hizo milioni. Lakini nimerudi nyumbani nikaitazama tena na sikuona kilichopungua.

Swali langu kwa Fundi Fremu: kile kivuli pale inapogusa kioo kifanyweje?

Fundi Fremu

Mlete fundi nyumbani, picha isibebwe kwenye bodaboda. Afungue kwa nyuma, picha ikiwa imelala kifudifudi mezani, kioo chini. Ang'oe misumari kwa koleo, asipige nyundo. Ubao ukitoka, aiache hivyo kwenye chumba kikavu siku mbili tatu, unyevu utoke wenyewe. Mara nyingi hariri inaachia bila kuguswa. Isipoachia, iacheni na kioo chake, bora doa kuliko tundu.

Ikiachia, akate kadibodi pana ya kuzunguka picha iingie kati ya kioo na hariri, unene wa milimita mbili au tatu unatosha. Kinachotakiwa ni hewa. Aulizie kadibodi isiyo na asidi, ni ghali zaidi, ila ile ya boksi ndiyo inayoacha mstari wa kahawia pembeni baada ya miaka kumi. Ule ubao wa nyuma auweke mpya, na kati yake na picha iingie kadibodi hiyo hiyo nzuri. Lebo isiguswe.

Mzee wa Hangzhou

Naongeza: lebo, ile kadibodi ya asili na maelezo ya mama viandikwe na kuhifadhiwa pamoja na picha. Mama aandike, au arekodiwe kwenye simu, ni nani aliyempa mzee, kazi gani walifanya pamoja, mwaka gani. Hata jina la Kichina alikumbuke kwa matamshi tu. Huku kwenye biashara hiyo ndiyo historia ya kitu, na kitu chenye historia kinathaminiwa tofauti na kisicho nayo. Peoni za kiwandani ziko nyingi. Peoni zilizotoka kwa mtaalamu wa reli kwenda kwa fundi wa karakana ya Mbeya, zikiwa na ushahidi, sidhani kama ni nyingi. Siku moja makumbusho fulani yatataka kueleza maisha ya kila siku ya watu waliofanya kazi pamoja kwenye reli ile, na watatafuta vitu vya aina hii.

Kaka wa Mbeya

Wakuu, mimi ndiye kaka anayetajwa humu. Nimejiunga leo ili niandike.

Pesa sijatuma. Nilikuwa na laki tatu na elfu themanini za ndugu mkononi, nimezirudisha kwa kila mmoja. Nilimwandikia yule bwana lile sharti la Mnadani, akate kwenye mauzo. Aliniita mjinga, kisha akanizuia nisimwandikie tena.

Sikuwa na nia mbaya. Mdogo wangu anajua. Baba alipougua tuliuza shamba, na nilitamani tupate kitu cha kurudisha shamba lile.

Mama ameamua. Picha haiuzwi akiwa hai. Imehamia ukuta wa ndani, koridoni, jua halifiki. Jana usiku tumemrekodi kwa simu dakika arobaini. Yule Mchina walikuwa wakimwita Bwana Li, alikuwa akija Jumapili kula ndizi na maharage, na alimfundisha baba kunoa patasi kwa namna ambayo mimi mwenyewe ninanoa mpaka leo bila kujua ilikotoka.

Nina swali moja. Tulipoishusha ukutani tumeona maua mawili ya waridi upande wa kulia yamepauka kuliko ya kushoto. Mama anasema zamani yote matano yalikuwa mekundu. Je, inawezekana, au kumbukumbu inamchanganya?

Mzee wa Hangzhou

Karibu sana kaka, na asante kwa kurudisha michango.

Mama hakosei. Kijani cha majani kwenye kazi hizi kwa kawaida ni cha jiwe lililosagwa, malakaiti, hakipauki hata kwa karne. Wekundu wa petali mara nyingi ni wa rangi zitokanazo na mimea au wadudu, na hizo zinaliwa na mwanga. Dirisha lenu la sebuleni bila shaka liko upande wa kulia wa pale picha ilipokuwa. Fundi akija kuifungua, mwambieni atazame ukingo uliofunikwa na fremu upande huo wa kulia. Kama kuna ncha ya petali iliyoingia chini ya mbao, jua halikuwahi kuifikia. Hapo mtaona wekundu alioukumbuka mama.

Kaka wa Mbeya

Fundi anakuja Jumanne. Nitaweka picha humu.